Filamu ya dakika 112 katika safari ya dakika 58: burudani ya ndege za ndani imewekwa kwa ajili ya nani?

Kiti 21F (mleta uzi)

Salaam, wakuu. Juzi nimerudi kutoka safari ya ndege ya ndani ya nchi, ile ambayo mtu akisinzia kidogo anaamshwa na magurudumu yanayogusa ardhi. Humu tumezoea kuzijadili huduma za ndege kwa kugawa maksi tu, mara mhudumu alitabasamu, mara hakutabasamu, lakini safari hii nilikaa kitini muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikapata nafasi ya kulifikiria jambo moja hadi mwisho: kwamba katika safari fupi burudani huwekwa angani, wakati anayechoka kusubiri anachokea ardhini. Shirika sitalitaja, kwa sababu sidhani kwamba haya ni ya shirika moja, na kwa sababu wafanyakazi niliokutana nao hawakustahili kusemwa vibaya.

Kwa mujibu wa tiketi, safari ilikuwa ya saa 1 na dakika 20. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili, kwa hiyo ndani yake mna kusukumwa nyuma, kutembea taratibu kuelekea njia ya kurukia, kusubiri zamu, na baada ya kutua, kutembea tena. Muda wa kuwa hewani ulikuwa dakika 58, nilizozipima kwa saa ya mkononi. Ndege yenyewe ilikuwa ya jeti, yenye ujia mmoja katikati na viti vitatu kila upande, aina ambayo kwa kawaida hubeba watu kati ya 150 na 180.

Kupanda kulikwenda vizuri na sina la kusema hapo, isipokuwa lile la siku zote la abiria wa safu ya 25 kuweka sanduku lake juu ya safu ya 8 na kuendelea mbele kana kwamba hakuna aliyemwona.

Nyuma ya kiti kilichokuwa mbele yangu hapakuwa na skrini. Palikuwa na kishikizo cha plastiki cha kuegeshea simu, na karatasi iliyobandikwa yenye maelekezo ya kuunganisha simu na waifai ya ndani ya ndege. Kwa wasioufahamu utaratibu huu, waifai hiyo si lazima iwe na intaneti. Ndani ya ndege mna seva iliyojazwa filamu, muziki na michezo, na abiria anavuta kilichomo kupitia simu yake mwenyewe. Mtindo huu umeenea sana katika ndege za masafa mafupi. Mwaka 2017 American Airlines ya Marekani ilitangaza kwamba Boeing 737 MAX ilizokuwa inazinunua hazingefungwa skrini za vitini, kwa hoja kwamba karibu kila abiria anapanda na skrini yake mfukoni. Hoja ina mashiko. Ukiondoa skrini 170 pamoja na nyaya zake, ndege inakuwa nyepesi, na ndege nyepesi inachoma mafuta kidogo. Tena yale masanduku ya umeme yaliyokuwa yakikaa chini ya viti na kuzuia miguu yanaondoka. Mimi binafsi siililii skrini ya kitini hata kidogo.

Mlango ulifungwa saa 2:10 asubuhi. Saa 2:20 rubani alitangaza kwamba mawingu ya radi yalikuwa yamekaa kwenye njia yetu ya kuondokea, kwamba waongoza ndege walikuwa wamezuia safari za upande ule, na kwamba tungesubiri kama dakika 15. Tangazo lilikuwa safi, lenye sababu na muda. Nikatoa simu, nikaiegesha kwenye kishikizo, nikaunganisha, na ukurasa ukafunguka ukiwa na picha nzuri ya mawingu na sentensi moja katikati: burudani itapatikana baada ya ndege kupaa.

Nikaufunga ukurasa. Baada ya dakika tano nikaufungua tena, kama mtu anayerudia kufungua jokofu akitumaini kwamba kilichokosekana kimejiweka. Sentensi ilikuwa ile ile.

Dakika 15 zikapita, zikapita na nyingine 15, na hakuna aliyesema neno. Hewa ilikuwa inatoka kwenye vitundu vya juu kwa unyonge. Abiria wa upande wa pili alikuwa amegeuza kadi ya maelekezo ya usalama kuwa kipepeo cha kujipepea, na mtoto wa safu ya nyuma alikuwa ameshagundua kwamba meza ya kiti changu inafunguka na kufungwa, akawa anaithibitisha mara kwa mara. Kiti cha 21E alikaa mama mmoja mtu mzima, mwenye mkoba mdogo aliokataa kuuweka chini ya kiti mpaka alipoombwa mara ya pili. Ilipofika kama saa 2:55 alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi tumeshafika, au bado hatujaondoka?" Nikamwambia bado hatujaondoka. Akatikisa kichwa na kusema, "Maana naona wote mmenyamaza kama watu waliofika."

Hapo ndipo alipopita mhudumu, binti ambaye nadhani hakuwa na umri wa kuzidi miaka 25, na yule mama akamgusa mkono. Mhudumu hakujibu akiwa amesimama. Alichutama kwenye ujia hadi uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa mama, akasema, "Mama, kwa kweli sijui tutaondoka saa ngapi, na rubani naye bado hajaambiwa. Nikijua tu, nitakuja kukuambia wewe kwanza." Kisha akaenda akarudi na sinia lenye vikombe vya maji, akagawa safu kwa safu. Dakika kumi baadaye alirudi moja kwa moja hadi safu ya 21, akachutama tena, akasema tumepewa muda na tunaondoka baada ya dakika 12. Na kweli tangazo la rubani lilikuja wakati yeye bado anainuka. Mama alijinyoosha kitini akawatazama majirani kama mtu aliyepewa habari za ndani.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu katika safari nzima hii ndiyo huduma niliyoiona ikifanya kazi. Haikuhitaji kifaa chochote wala haikumgharimu mtu zaidi ya magoti. Abiria aliyekaa kwenye ndege iliyosimama anasumbuliwa na kutojua kuliko anavyosumbuliwa na kusubiri, na mtu anayekuja kumwambia "sijui" kwa heshima amempunguzia nusu ya mzigo.

Magurudumu yaliacha ardhi saa 3:25. Dakika ya sita ukurasa ulifunguka, nikachagua filamu ya upelelezi iliyoandikwa kuwa ya dakika 112. Naomba mnifuatilie kwenye hesabu hii. Mfumo ulianza dakika ya 6, na ulijizima wakati wa kuteremka, kama dakika 10 kabla ya kutua, yaani dakika ya 48. Zinabaki 42. Kila tangazo lilipotolewa filamu ilisimama yenyewe, jambo ambalo kwa usalama ni sahihi kabisa. Lakini matangazo yalikuwa matano, mojawapo la bidhaa za kuuzwa ndani ya ndege, na lingine la uanachama wa wasafiri wa mara kwa mara. Ukiongeza muda wa kupokea kinywaji, kumpisha wa 21D aliyekuwa amesahau miwani kwenye kabati la juu, na kutafuta hedifoni iliyoanguka, nilitazama filamu kwa dakika 31. Katika dakika 31 filamu ya upelelezi inakuwa imemwonyesha marehemu, mke wake, na mpelelezi anayekunywa sana. Basi.

Sasa swali langu. Ndani ya ndege ile nilikaa saa 1 na dakika 15 kabla ya kuruka, na dakika 58 hewani. Kwa nini sanduku lile lenye filamu lilikuwa limefungwa katika ule muda mrefu, likafunguliwa katika ule muda mfupi? Na kama ni lazima iwe hewani tu, kwa nini aliyechagua vya kuweka humo hakutazama urefu wa safari zake? Vipindi vya dakika 20 vilikuwa vitatu tu katika orodha nzima. Filamu ndefu nilihesabu hadi 40 nikaacha.

Kinywaji nacho kina hesabu yake. Taa ya mikanda ilizimwa dakika ya 9 na ikawashwa tena dakika ya 34, mara tu kabla hatujaanza kuteremka. Kwa hiyo wahudumu wanne wakiwa na troli mbili walikuwa na dakika 25 kuwahudumia watu wapatao 160. Kila troli ina watu 80; gawanya, unapata kama sekunde 19 kwa kila abiria, na humo humo wanatakiwa wapite tena kukusanya vikombe. Mtu anayeuliza "mna kahawa ya aina gani?" anakula sekunde za safu nzima. Kahawa yenyewe, kwa taarifa yenu, haiwezi kuwa kama ya chini. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huruhusiwa kushuka hadi kufanana na ya mwinuko wa futi 8,000, yaani kama mita 2,400, na kwenye hewa ya namna hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayafiki 100. Ongeza ukavu wa hewa unaokausha pua na kupunguza uwezo wa kuonja chumvi na sukari, halafu usimlaumu aliyekumiminia.

Kitu cha mwisho, kisha niwaachie nafasi. Yule mama aliniona nahangaika na filamu, akaniuliza kama ndani ya simu hiyo hakuna mahali panapoonyesha tulipo. Palikuwapo. Nikamfungulia ramani kwenye simu yangu ya pili, nikampa aishike, na tangu hapo sikuiona tena hadi tunateremka. Alikitazama kile kindege kidogo kikisogea kwenye mstari wake, akinisomea namba: futi 31,000, nyuzi 45 chini ya sifuri. "Huko nje nyuzi arobaini na tano chini ya sifuri," alisema, "na mimi nilikuwa namlalamikia mwanangu kunibebesha sweta." Ramani ndiyo kipindi pekee katika ndege ile kilichoanza na safari na kikaisha pamoja na safari.

Karibuni.

---

Kabini ya Nyuma

Ndugu mleta uzi, nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege kwa miaka 11 kabla ya kuiacha, na nimesoma hesabu yako ya sekunde 19 nikacheka peke yangu, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunaifanya. Katika safari fupi sana tulianza kupanga troli wakati ndege bado inapaa, na kuna siku taa ya mikanda haikuzimwa kabisa kwa ajili ya mitikisiko ya hewa, tukatua na maji yote yakiwa kwenye chupa. Abiria mmoja siku hiyo aliniambia kwamba tumekula pesa yake.

Ningependa kuongeza jambo ambalo abiria wengi hawalioni. Idadi ya wahudumu mliowaona haikupangwa kwa ajili ya vinywaji. Katika nchi nyingi kanuni ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na msingi wake ni usalama. Mtengenezaji wa ndege kubwa ya abiria hutakiwa kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Ndiyo maana wahudumu wako walikuwa wanne, na wangekuwa wanne hata kama shirika halitoi tone la maji. Hata mwanzo wa kazi hii haukuwa troli: mhudumu wa kwanza wa kike, Ellen Church, aliyeanza kuruka nchini Marekani mwezi Mei 1930, alikuwa muuguzi, na wenzake wa awali pia walitakiwa kuwa wauguzi.

Kuhusu ule ukimya wa zaidi ya nusu saa, naomba niwatetee kidogo marubani. Rubani akitangaza dakika 15 na zikapita, kila tangazo linalofuata linapokelewa na miguno. Wengi hujifunza kunyamaza mpaka wawe na muda wa uhakika mkononi. Si dharau, ni woga wa kuonekana mwongo.

---

Kiti 21F (mleta uzi)

Nashukuru sana, mkuu, na hilo la kupanga troli wakati ndege bado inapaa sasa limenieleza zile kelele za makabati niliyoyasikia nyuma.

Kuhusu ukimya bado sikubaliani nawe. Woga huo naujua, lakini angalia kilichotokea safu ya 21: binti alisema "sijui," na hakuna aliyeguna. Aliyetangaza dakika 15 alikuwa amejifunga na namba. Ingetosha kila baada ya dakika 15 kurudi na kusema kwamba namba mpya haijafika. Wenzako walilijua hilo, maana yule binti hakulisoma kwenye karatasi yoyote.

---

Waya na Nati

Nimekuwa nikishughulika na mifumo ya umeme ya ndani ya ndege, kwa hiyo niruhusuni nijibu lile swali la kwa nini sanduku lilikuwa limefungwa ardhini.

Wengi wanadhani ni sheria. Zamani ilikuwa karibu na hivyo, kwa sababu vifaa vya abiria vilitakiwa kuzimwa kabisa hadi ndege ifike futi 10,000. Lakini mwishoni mwa mwaka 2013 mamlaka za anga za Marekani na za Ulaya ziliruhusu simu na vishikwambi vitumike katika hatua zote za safari vikiwa katika hali ya ndege, na nchi nyingine nyingi zimefuata. Mfumo wa burudani unasoma taarifa kutoka kwenye ndege yenyewe, kama vile mwinuko na hali ya milango, na shirika ndilo linaloamua uanze wakati gani. Wako wanaouwasha mara mlango unapofungwa. Wako waliobaki na mpangilio wa futi 10,000 kwa sababu ndivyo ulivyofika na hakuna aliyeuliza.

Upo upande wa pili. Ndege ikiwa kwenye maegesho hupata umeme kutoka kwenye kebo ya uwanja au kutoka kwenye injini ndogo iliyoko mkiani, na injini kubwa zinapowashwa chanzo cha umeme hubadilika. Mabadiliko hayo huwa yanaweza kuikata seva ikajiwasha upya, na abiria aliyekuwa katikati ya kipindi akaona skrini nyeupe. Shirika linaona ni afadhali kutoanza kuliko kuanza na kukatika. Mimi ningeanza hata hivyo, walau ile ramani na habari ya muda wa kuondoka, maana hizo zikikatika hakuna anayelia. Na huo unyonge wa hewa uliousema huenda ulitoka kwenye injini hiyo hiyo ya mkiani, kwa sababu ndiyo inayolisha pia mfumo wa kupoza hewa ndege inaposimama.

---

Msafiri wa Alfajiri

Kwa heshima zote, naona uzi huu umekuwa mrefu kuliko safari yenyewe. Filamu ilikuwa ya bure, safari ilikuwa chini ya saa moja, na mtu mzima anapaswa kujibebea kitabu. Tunadai burudani kila mahali kama watoto walio kwenye foleni ya hospitali. Ningependa shirika liondoe huo mfumo wote, na fedha yake itumike kupanua viti, kwa sababu hayo magoti ya mhudumu uliyoyasifu ni afadhali kuliko magoti yangu, ambayo kwenye nafasi ya inchi 28 kati ya kiti na kiti hayana pa kwenda.

---

Kiti 21F (mleta uzi)

Mkuu, kwenye inchi 28 tuko pamoja, wala sijipingi. Kuhusu kitabu, nilikuwa nacho, na nilikisoma kurasa 60 nikiwa ardhini, kwa hiyo binafsi sikuumia. Hoja yangu inahusu watu 160, na wengi wao walikuwa wameahidiwa kitu kwenye karatasi iliyobandikwa mbele ya macho yao. Ahadi ikishabandikwa kitini ni sehemu ya huduma hata kama haina bei yake peke yake. Asiyetaka kuitimiza angeibandua ile karatasi, na mimi ningepata mahali pa kutazama pasipo sentensi ya mawingu.

---

Kanuni na Taratibu

Ningependa kuugusa upande wa haki za abiria, kwa sababu katika safari za ndani ndipo watu wengi wanapokosea. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao wengi huutaja wanapolalamikia ucheleweshaji au mizigo, unahusu usafiri wa kimataifa. Safari ya ndani inayojitegemea inasimamiwa na sheria za nchi husika, isipokuwa pale kipande cha ndani kinapokuwa sehemu ya tiketi moja ya safari ya kimataifa. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, tafuteni kanuni za mamlaka ya anga ya nchi mliyosafiria.

Tofauti kati ya nchi ni kubwa. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inazihusu hata safari za ndani ya nchi moja mwanachama, lakini radi kama ile ya mleta uzi huhesabiwa kuwa tukio lililo nje ya uwezo wa shirika, kwa hiyo fidia ya fedha isingekuwapo, ingawa wajibu wa kuwahudumia abiria wanaosubiri unabaki. Nchini Marekani, ndege ya safari ya ndani ikikaa ardhini na abiria ndani, maji na kitu cha kula vinatakiwa kutolewa kabla ya saa mbili kutimia, na kabla ya saa tatu abiria wapewe nafasi ya kushuka, isipokuwa kuwe na sababu ya usalama. Tena huko, kanuni iliyotolewa mwaka 2024 inataka abiria arudishiwe fedha ya huduma ya ziada aliyoilipia akaikosa, na burudani ya ndani ya ndege imo katika mifano inayotajwa. Maneno ya kuzingatia hapo ni "aliyoilipia". Ya bure haina pa kudaiwa.

---

Chaji Mbili

Mimi nina neno dogo la vitendo. Shirika likishafanya simu yako kuwa skrini, limekupa pia kazi ya kuilisha umeme, na katika safu nyingi za ndege za ndani hakuna soketi, au ipo moja kwa watu watatu. Watu wanabeba pawabenki, na hapo kuna kanuni: inakaa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini, na isizidi saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati inayobebwa na betri) bila idhini ya shirika. Ile iliyoandikwa 20,000 mAh ni kama saa-wati 74, kwa hiyo iko ndani ya kiwango. Na baada ya ndege ya abiria kuungua ikiwa ardhini katika uwanja wa Busan, Korea Kusini, mwezi Januari 2025, nchi hiyo ilizuia pawabenki kuwekwa kwenye makabati ya juu, na mashirika kadhaa ya kwingineko yakafuata. Kaa nayo mwilini au chini ya kiti cha mbele. Ikianza kupata joto lisilo la kawaida, usione haya kubonyeza kengele ya mhudumu. Hiyo si kero, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kama alivyoeleza Kabini ya Nyuma.

---

Kabini ya Nyuma

Naunga mkono. Tena kwa simu: ikiteleza ikaingia kwenye uwazi wa kiti, usikisogeze kiti kuitafuta, wala usikilaze nyuma. Mwite mhudumu. Kiti kikiibana simu na betri ikapasuka, moto wake unaanzia mahali ambapo hakuna anayepafikia.

Na naomba nimuulize mleta uzi: ulimpa nani habari za yule binti? Malalamiko hufika haraka sana ofisini. Sifa hazifiki, mpaka mtu aandike namba ya safari na tarehe.

---

Kiti 21F (mleta uzi)

Nimeandika. Barua ilikuwa moja yenye mambo mawili: aya ya kwanza ya binti, na aya ya pili ya mfumo kuanza mlango unapofungwa, ambayo sasa nimeirekebisha kwa msaada wa Waya na Nati ili ianze na ramani. Nimejibiwa na barua ya kawaida inayoshukuru kwa maoni yangu. Siku mbili baadaye imekuja nyingine fupi, imeandikwa na mtu, inayouliza binti huyo alikuwa upande gani wa ndege, ili wapate kumtambua kwenye orodha ya zamu. Kuhusu ramani hawakusema kitu.

---

Msafiri wa Alfajiri

Sawa, mkuu, nakubali kwamba kuna hoja. Lakini umetusimulia marehemu, mke wake na mpelelezi mlevi, halafu umetuacha hapo. Muuaji alikuwa nani?

---

Kiti 21F (mleta uzi)

Sijui. Niliiacha pale mpelelezi anapogonga mlango wa jirani na mtu anaitikia kutoka ndani kwa sauti ambayo nadhani tulikuwa tumeisikia mwanzoni. Nilisafiri tena baada ya siku nne, kwa shirika lile lile, na safari hii tuliruka kwa wakati. Dakika ya sita nilifungua ukurasa nikaitafuta. Mwezi ulikuwa umebadilika, na orodha ya filamu imebadilishwa yote. Nikafungua ramani.